Nilivyochora yacht ya mbio nikiwa Bariadi, nikaweka nafasi za watu wanane kwa mtu aliyeomba moja

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, na nyie wengine habari za huko mliko.

Juzi humu kuna mmoja aliuliza ni kazi gani ya ajabu umewahi kufanya maishani. Nikaanza kumjibu pale pale, jibu likawa refu, nikafuta. Nimeona niliweke peke yake.

Najua kuna watu wataandika "chai, uongo huu" kabla hawajafika katikati. Andikeni tu. Mimi nasimulia nilichokifanya kwa mikono yangu, pamoja na kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashindwa kujua nicheke au nifanye nini.

Kwa kifupi: nikiwa Bariadi, mahali ambapo bahari tunaisikia redioni, nilichora yacht.

Siyo mtumbwi, wakuu. Boti ya matanga ya futi hamsini, ya kuvuka bahari kubwa na kushindana mbio, ndani ina bafu, friji na kitanda cha mbao za msaji. Ziwa nilikuwa nimeliona. Bahari nilikuwa sijaiona hata kwa mbali.

Nirudi nyuma kidogo ili tuelewane.

Mimi kwetu ni Nkoma. Baba alikuwa mtu wa ng'ombe na pamba, kama watu wote wa kule. Mimi nikabahatika kwenda shule ya ufundi, nikasomea technical drawing. Nikaajiriwa kwenye kinu cha ushirika cha kuchambulia pamba, kazi yangu kuchora vipuri vilivyovunjika ili karakana ivitengeneze upya. Spea kutoka nje zilikuwa haziji, kwa hiyo mchoraji alikuwa mtu.

Siku naondoka nyumbani kwenda kuanza kazi nilisema neno la kijinga. Tulikuwa tumekaa shikome, pale uwanjani kwenye moto, mahali wanaume wa kaya wanapokaa, wanapokula chakula na kupokea wageni. Kaka yangu akauliza nitachukua ndama wangu lini. Nikajibu mbele ya wote: "Mimi siyo mtu wa ng'ombe tena. Mimi ni mtu wa ofisi."

Baba alichokoa moto tu.

Sasa ikaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, wakaingia na malori yao na mizani yao, ushirika ukaanza kuyumba. Kinu chetu kikapunguza watu. Mchoraji alikuwa wa kwanza, maana spea sasa zilikuwa zinaletwa mpya kwenye masanduku.

Wenzangu wakatawanyika. Mmoja Mwanza, mwingine Shinyanga, wengine wakarudi kulima. Mimi ningerudi vipi Nkoma? Mtu wa ofisi asiye na ofisi?

Nikabaki Bariadi kwenye chumba kimoja cha kupanga. Kitanda, meza ya kuchorea, kiti kimoja. Nikawa napita siku tatu sijaongea na mtu zaidi ya kumwambia mama muuza maandazi "naomba mawili". Wakuu, upweke wa mjini ukiwa kijana una aibu ndani yake. Unajifanya una haraka barabarani ili watu wasijue huna unakokwenda.

Hapo ndipo akaja Eriki.

Eriki alikuwa mzungu wa makamo, injinia wa kampuni moja binafsi iliyokuja kufunga mashine za kuchambulia pamba. Mrefu, mkimya, Kiswahili chake kilikuwa cha karakana, kinatosha kazi. Alisikia kuna mchoraji hana kazi, akaja mpaka chumbani kwangu. Akaangalia michoro yangu ya zamani ya vipuri, mmoja baada ya mwingine, dakika ishirini hivi.

Kisha akasema: "Mkono mzuri. Unaweza kuchora boti?"

Nikasema naweza. Mtu mwenye njaa ya kuongeleshwa anaweza kila kitu.

Kumbe huyu bwana alikuwa anachora boti yake mwenyewe. Kwao alikulia pwani, kwenye yadi za kuunda boti, ndiyo ilikuwa ndoto yake toka ujana. Alikuwa na mwanzo wa design kwenye daftari, na yadi moja huko kwao ilishakubali kuiunda. Alichokosa ni mtu wa kukaa chini na kuichora sawasawa, maana mchana yeye yuko kwenye mashine.

Tukapewa kona ya godauni la zamani la pamba. Asubuhi ya kwanza nilifanya mstari mmoja wa wino na ukatoka na manyoya. Nyuzi za pamba zilikuwa zinaelea hewani, zinaingia kwenye ncha ya kalamu. Ikabidi kila asubuhi nimwagie sakafu maji kwanza, nisubiri vumbi litulie, ndiyo nifungue wino.

Na mistari ya boti siyo ya rula, wakuu. Yote imepinda. Unachukua ufito mwembamba wa mbao, unaukunja upite kwenye alama zako, unauwekea vitu vizito usifyatuke, halafu unafuata na kalamu. Kwao wanatumia vipande vizito vya madini ya risasi, vilivyotengenezwa maalumu. Sisi tulitumia mawe ya mizani ya ushirika, yale ya kupimia pamba, yalikuwa yamelala tu stoo yanashika kutu.

Eriki alikuwa anarudi saa kumi jioni, anavua kofia, anainama mpaka jicho lake liko sawa na karatasi, anafuata mstari toka mwanzo hadi mwisho. Akisema "jicho linakataa", nilikuwa nafuta. Wakati mwingine nilifuta mstari mmoja wiki nzima. Akisema "jicho linapita", nilikuwa nalala na furaha kama nimepewa ng'ombe.

Ugumu wa boti hii ulikuwa mmoja. Mbio zinataka wepesi, raha inataka uzito. Ukiweka friji, umepoteza mwendo. Ukiweka mbao nene, umepoteza mwendo. Kwa hiyo kila kitu kilichoingia ndani kilikuwa na mstari wake kwenye jedwali la uzito: mlingoti, matanga, nanga, maji ya kunywa, jiko, mpaka vijiko na sabuni. Jumla ya uzito ndiyo inayosema boti itazama kiasi gani kwenye maji. Ukikosea jumla, boti inakaa chini kuliko ulivyochora, na mwendo unakwisha.

Jiko lilinichekesha. Lilikuwa linaning'inizwa, ili boti ikilala upande mmoja sufuria ibaki wima. Nilimwambia, "Injinia, huku kwetu jiko ni mawe matatu, likiyumba ujue nyumba imeanguka." Alicheka mpaka akakaa chini. Nadhani hiyo ndiyo siku tulipoanza kuwa marafiki.

Mjini walishajua. Nikabatizwa jina la Nuhu. Nikipita sokoni: "Nuhu, mvua lini? Tupande pamba au tusubiri?" Nilikuwa najifanya nimekasirika, lakini kusema kweli nilifurahi. Angalau sasa nilikuwa na jina midomoni mwa watu.

Kuna siku tulikwenda kujaribu vielelezo. Tulichonga boti mbili ndogo za urefu wa mkono, kwa mbao za masanduku ya spea, moja nyembamba na nyingine pana kidogo. Tukazifunga kwenye fimbo moja, moja ncha hii na nyingine ncha ile, kamba katikati ya fimbo, tukazivuta kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe. Ile inayobaki nyuma ndiyo nzito kwenye maji. Ni njia ya zamani, na inafanya kazi.

Wachungaji wakaacha ng'ombe wakaja kuangalia. Watu wazima wanashangilia, wanachagua upande. Mama mmoja aliyekuja na ndoo akasimama, akatutazama, akatusalimia kwa Kisukuma: "Mwadila. Hivi nyie mna akili timamu? Watu tunagombania haya maji na ng'ombe, nyie mnachezea boti?"

Eriki akaitikia kwa heshima, kwamba ni salama, mama: "Mhola, mayu. Samahani." Kisha akaichukua ndoo yake akaijaza mwenyewe.

Yule mama aliondoka anacheka peke yake. Ile nyembamba ndiyo ilishinda.

Siku hiyo tukiwa tunarudi aliniuliza nyumbani kwetu pakoje. Alikuwa hajawahi kuniuliza. Nikamweleza habari za shikome. Nikamweleza jinsi vigoda vinavyozunguka moto, jinsi chakula kinavyoletwa pale, na kwamba hakuna anayekula peke yake ndani kama mgonjwa. Nikamwambia pia jambo la kwetu nyumbani, sijui kama kaya nyingine wanalo: baba alikuwa na kigoda kimoja upande wa mlango wa boma ambacho hakikaliwi. Ukikikalia anakwambia toka, hicho ni cha aliye njiani.

"Aliye njiani ni nani?" akauliza.

Nikamwambia mgeni yeyote, mpita njia. Toka utoto ndivyo nilivyoelewa.

Baadaye kidogo akasema, "Nyumba nzuri."

Mimi nikawa sijamuuliza ya kwao. Hilo nalijutia. Mwaka mzima nachora nyumba ya mtu na sijamuuliza anaishi na nani.

Sasa nakuja kwenye kosa.

Mistari ya nje ilipokamilika ikabaki michoro ya ndani. Wakati huo huo kampuni ikampeleka Kasoli, kulikuwa na mashine zimegoma na msimu umeanza. Akaniachia karatasi ya maelekezo. Nakumbuka neno kwa neno: kitanda kimoja, meza ndogo, kiti kimoja. Akasema, "Wewe unajua boti hii kuliko mtu yeyote. Maliza. Nikirudi tunatuma."

Nikakaa na ile karatasi siku tatu.

Kiti kimoja?

Wakuu, naomba mnielewe. Mimi niliyeishi na kiti kimoja nilijua maana yake. Halafu hii ni boti ya futi hamsini, ya kuzunguka dunia. Nikawaza, huyu mzungu ameandika kwa ubahili wa uzito tu. Akifika bandari ya watu, wenyeji wakija kumsalimia, atawaweka wapi? Wasimame? Nyumba isiyo na mahali pa mgeni kwetu ni ghala.

Nikachora benchi la mviringo, pale chini ukishashuka ngazi ya nyuma tu, na meza katikati. Nafasi nane. Nilipanga kila nafasi kwa kukumbuka: hapa baba, hapa kaka mkubwa, hapa baba mdogo. Ya nane, karibu na ngazi, nikaiacha pana kidogo. Nilichora hilo benchi kwa mapenzi ambayo sijawahi kuyaweka kwenye mchoro mwingine wowote. Kuna siku niliinua kichwa nikakuta nimechora tangu asubuhi na chai imepoa haijaguswa.

Na kwenye jedwali la uzito sikuliandika.

Mtaniuliza kwa nini, mtu niliyeandika mpaka sabuni. Sikuwa na nia ya kuficha, naapa. Ni kwamba kwetu kitu cha mgeni hakihesabiwi. Mama akipika haulizi wageni wangapi, anaongeza unga na maji basi. Ukihesabu sehemu ya mgeni umemfukuza. Nilizaliwa na hilo, likapita mkononi bila kupita kichwani. Benchi la msaji na meza yake, na watu wanane wa kulikalia, vyote havikuwepo kwenye hesabu.

Eriki alirudi kutoka Kasoli akiwa na malaria. Macho ya njano, anatetemeka. Akakagua karatasi ya mistari ya nje kama kawaida yake, jicho likapita. Zile za ndani hakuzifungua hata moja. Akasaini zote, zikaenda posta.

Miezi ikapita. Tuliendelea kuchora vitu vidogo vidogo, pete za kamba, bawaba. Ndiyo ilikuwa miezi mizuri kuliko yote. Nilikuwa na mtu wa kumsubiri kila saa kumi jioni.

Asubuhi moja nikamkuta ameshafika kabla yangu. Sakafu ilikuwa kavu, pamba inaelea hewani. Mkononi ana barua ya yadi.

Waliiunda boti mpaka nusu ndipo fundi mmoja akapiga hesabu upya. Kwa benchi lile na watu wake, nyuma ya boti ingezama kwa vidole vinne zaidi ya mstari wetu. Mwaka mzima wa kufuta na kuchora, wa jicho kukataa, umeliwa na vidole vinne.

Hakupiga kelele. Heri angepiga kelele.

"Nani atakaa hapa?" akauliza, kidole juu ya mchoro.

Nikasema, "Wageni."

"Wageni gani? Katikati ya bahari?"

Nikasema, "Injinia, wageni hawakosekani."

Akasema polepole, kama anatafuta kila neno: "Boti hii tulipanga watu wawili. Mke wangu amekufa mwaka kabla sijaja hapa. Nikafuta kitanda chake, nikafuta kiti chake. Nilifuta mwenyewe, kwa mkono wangu. Wewe umeweka wanane."

Ningesema pole. Neno dogo tu, pole, tunalolisema hata kwa mtu aliyejikwaa. Halikutoka. Nilisimama nimeshika kopo la maji ya kumwagia sakafu.

Akakunja barua, akatoka.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa hakuja. Jumatatu nikakuta godauni lina kufuli jipya, na mlinzi akaniambia injinia ameshaondoka, mkataba wake umeisha. Dirishani palikuwa na ile boti ndogo iliyoshinda pale lamboni. Sijui kama aliiacha yeye kwa ajili yangu au ilisahaulika tu.

Nimerudi wakuu, umeme ulikatika huku. Naendelea.

Miaka iliyofuata sitaki kuirefusha. Nilikuwa nachora mabango ya vituo vya kununulia pamba, "BEI NZURI, MIZANI YA HAKI", na maduka ya dawa za mifugo. Boti ndogo niliiweka nyuma ya mlango, ikawa inazuia upepo usifungue. Jina la Nuhu likafa taratibu. Watu wakasahau, na kusahauliwa kuliniuma zaidi ya kuchekwa.

Kulikuwa na binti mmoja, mkazi wa Lingeka, tulikuwa tunaandikiana. Nikaacha kumjibu. Sikuwa na la kumwandikia.

Nyumbani nilikuwa sijakanyaga tangu siku ile niliyoondoka. Kutoka Bariadi hadi Nkoma kwa baiskeli ni safari ya asubuhi moja, lakini kwangu ilikuwa mbali kuliko huko kwa Eriki. Nilisikia kwa watu wa mnadani kwamba kaka zangu wamehama na ng'ombe kwenda Rukwa kutafuta malisho. Nikasema vizuri. Sikujiuliza aliyebaki ni nani.

Jumapili moja baada ya misa, katekista akaniita. Nilikuwa natumia sanduku la posta la parokia. Kuna bahasha, stempu ya nje.

Nikaifungulia pale pale kwenye ngazi za kanisa. Ndani mna picha moja na karatasi moja, Kiswahili cha karakana, kimeandikwa kwa herufi za mchoraji. Sitaki kuinakili yote, ni yangu. Lakini alisema hivi.

Alisema aliwaandikia yadi walitoe lile benchi. Alipofika kuangalia, fundi alikuwa bado hajalitoa, anasubiri msumeno. Akashuka ngazi akalikalia mara moja tu ili aone. Akashindwa kuwaambia walitoe.

Alisema boti ni nzito nyuma, kama walivyohesabu. Mbio yake ya kwanza alifika wa mwisho kabisa, wengine wameshaoga. Wakaja kumcheka. Walipanda boti wanacheka, wakashuka ngazi wanacheka, wakaona benchi wakakaa.

Walikuwa sita, na yeye wa saba. Walikaa mpaka chakula kikaisha.

Halafu mstari wa mwisho: "Nafasi ya nane, karibu na ngazi, nimewakataza. Nimewaambia ni ya aliye njiani. Wameniuliza ni nani, nimewaambia ni wewe."

Wakuu, nilikaa kwenye zile ngazi watu wakatoka wote. Nililia, na siogopi kuliandika.

Picha inaonyesha meza, sahani, mikono ya watu, nyuso nyekundu za jua. Na upande wa ngazi kuna nafasi tupu, pana kidogo, kama nilivyoichora.

Nikaitazama ile nafasi, na hapo ndipo nikaelewa jambo ambalo sikuwa nimelielewa toka utoto. Baba alikuwa na kaka yake aliyekwenda migodini kabla sijazaliwa na hakurudi. Nilikuwa nalijua jina lake tu. Kile kigoda hakikuwa cha mpita njia yeyote. Kilikuwa cha mtu. Na tangu siku ile niliyosema mimi ni mtu wa ofisi, kilikuwa cha mtu mwingine.

Sikubadilisha hata nguo, nilipita tu chumbani kuchukua boti ndogo. Nikaazima baiskeli kwa katekista, nikaifunga boti nyuma kwa mpira.

Nilifika Nkoma jua likiwa la saa kumi. Boma lilikuwa na ng'ombe watatu. Nyumba za kaka zangu mbili zilikuwa zimeezuliwa. Mama yetu alishafariki nikiwa shule, kwa hiyo nilijua nani nitamkuta.

Baba alikuwa amekaa shikome peke yake, moto haujawashwa. Vigoda vyote vilikuwa vimepangwa kuzunguka majivu, kimoja kimoja mahali pake, kama vile watu wameinuka sasa hivi. Alikuwa anavifuta vumbi kwa kanga kuukuu.

Miaka sita tangu niondoke, wakuu. Mimi niko na kiti kimoja Bariadi, yeye yuko na vigoda vinane Nkoma, na kati yetu ni asubuhi moja ya baiskeli.

Nikasimama mlangoni mwa boma, nikasalimia. Aliitikia bila kuinua kichwa, macho yake yalikuwa yameanza kupungua. Kisha akaitambua sauti. Naandika kwa Kiswahili alichosema kwa Kisukuma, ila neno la kwanza, yaani mwanangu, nimeliacha lilivyo:

"Ng'wanone. Umechelewa. Kaa."

Akanionyesha kwa kidole. Upande wa mlango.

Nikakaa. Akauliza nimebeba nini. Nikampa ile boti, akaipapasa juu na chini, akaigeuza, akaingiza mkono ndani.

"Hori la ndama," akasema. "Limechongwa vizuri, lakini dogo."

Nikamwambia ndiyo, baba, ni hori la ndama.

Niliishi naye miaka minne mpaka alipopumzika. Nililima pamba, na nilikuwa mkulima mbovu, majirani wa pale ni mashahidi. Nikarudi kumwandikia yule binti wa Lingeka. Alinijibu kwamba ana watoto wawili na mume mzuri, akanitakia heri. Nilikuja kuoa baadaye, mwingine, Mungu ametujalia. Eriki nilimwandikia mara tatu. Alijibu mara moja. Mbili za mwisho zilirudi na muhuri wa posta kwamba hapatikani.

Funzo mtalichukua wenyewe, nyie ni watu wazima. Langu ni hili: mimi nilijua kuwachorea watu mahali pa kukaa, na muda wote huo mahali pangu palikuwa pamewekwa, nami nimekaa mjini nikiona aibu. Kama kuna mzee mahali anakusubiri na wewe unasubiri mpaka mambo yakae sawa ndipo uende, nenda na mambo yako yakiwa vilevile yalivyo. Hatakuuliza ofisi.

Sasa hivi naandika nikiwa hapa hapa shikome, pale pale alipokaa baba, simu mkononi, chaji imebaki kidogo. Watoto wangu wawili wako Dar, mmoja Mwanza. Wana kazi, wana shughuli, siwalaumu. Mke wangu ameniuliza mchana kwa nini navifuta vigoda kila siku wakati tuko wawili tu.

Nimemwambia asikalie hicho cha mlangoni.

Haya, uwanja wenu. Mwenye swali la boti aulize, mwenye kusema chai aseme. Ila kila atakayecomment aniambie kitu kimoja: kwako una viti vingapi, na mara ya mwisho vilijaa lini?